Karatasi Inasema Nimeondoka

Jumatatu, 4 Novemba 2013
Mwalimu Adela ametugawia madaftari, sisi wanawake sita wa darasa la watu wazima, akasema tuandike kila siku mpaka mavuno ya zeituni yaishe. Tarehe juu, halafu chochote. "Hata mstari mmoja, Gumersinda. Hata ukiandika umepika nini."
Haya. Leo nimepika dengu. Mzee Eladio kasema zina chumvi, kisha kala sahani mbili.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua.

Alhamisi, 7 Novemba
Mwalimu kasoma mistari yangu akasema, "Sasa mtu akiokota daftari hili atajuaje ni la nani?" Nikamwambia akiokota arudishe. Lakini basi.
Mimi ni Gumersinda Colque, miaka sitini na mitatu, mtu wa mabonde ya Cochabamba kule Bolivia. Darasani sikutia mguu nilipokuwa mdogo. Kondoo walikuwa wengi na mimi ndiye niliyekuwa na miguu myepesi. Hapa Valdecañuelo nilikuja binti yangu Rosmery alipokaribia kujifungua. Nikamlea Yhoselin tangu kitovu hakijadondoka. Kazi zilipokauka, Rosmery na mumewe wakarudi kwetu na mtoto. Mimi nilibaki. Mke wa Mzee Eladio, Doña Remedios, niliyekuwa namuuguza, alikuwa kitandani siku zake za mwisho, akanishika mkono huu wa kushoto, uliokwisha kuvunjika, akaniambia, "Usimwachie huyu mjinga nyumba peke yake, ataiunguza." Nikasema sawa. Nikisema sawa, ni sawa.
Ila sina kibali cha kuishi hapa. Nikitoka Hispania leo, mlango unafungwa nyuma yangu. Wakili anayekaa parokiani Jumamosi ameshanieleza: ukikaa miaka mitatu mfululizo, na daftari la wakazi la mji likithibitisha, na mtu akakuandikia kazi, unaomba kibali. Mzee ameshasema ataandika. Miaka mitatu yangu inatimia tarehe 3 Februari. Nikipata, nitapanda ndege, nitamkumbatia Yhoselin mpaka alie, halafu nitarudi kumpikia huyu mzee dengu zake. Kutoka na kurudi. Sitaki kingine.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimerudi nyumbani mikono mitupu.
Nilikwenda ofisi ya manispaa kuomba cheti cha ukazi, kile kinachosema umeandikwa mjini tangu lini. Dirishani yuko karani Puri, mwenye miwani ya kamba shingoni. Miaka yote tunasalimiana kwa mwoka mikate. Akabonyeza, akatazama kompyuta, akabonyeza tena.
"Huyu Gumersinda Colque hayupo."
"Hayupo vipi? Ndiye mimi."
"Kwenye daftari hayupo, mama. Aliondoka tarehe kumi na nne Desemba, mwaka elfu mbili na kumi na moja. Amehama nchi."
"Kahamia wapi?"
"Bolivia, imeandikwa."
"Kanisalimia wajukuu?"
Hakucheka. Nikamwambia, "Binti yangu, vua miwani, safisha, vaa tena, uniangalie. Huu mwili wote unaouona ni wa mtu aliyeondoka?"
"Mimi nakuona, mama. Kompyuta ndiyo haikuoni."
Akasema anaweza kuniandikisha upya, dakika kumi tu. Nikauliza kuanzia lini. Akasema kuanzia leo. Kuanzia leo! Nianze kuhesabu miaka mitatu upya, na Mzee Eladio ana themanini na minane.
Nilimwita jina ambalo Mwalimu hajanifundisha kuliandika.

Jumanne, 12 Novemba
Dengu zimeungua.

Jumanne, 19 Novemba
Tumeanza mizeituni ya Mzee. Ni miti arobaini tu, juu ya kilima. Tunatandika nyavu chini, tunapiga matawi kwa fimbo, zinanyesha. Nimekwenda na Wilma Terrazas, mtu wa kwetu, tunasoma darasa moja. Yeye ananiita dada, ingawa kwa kelele zake angefaa awe dada wa nchi nzima.
Nimemweleza habari ya manispaa. Akaacha fimbo hewani.
"Dada, unamkumbuka binamu yangu Grover?"
"Aliyerudi kwetu?"
"Kaondoka miaka miwili sasa, ana duka lake la vifaa Quillacollo. Juzi kaletewa hapa barua na meya, kaalikwa yeye na watoto kupokea zawadi za sikukuu ya Wafalme Watatu, wale Mamajusi. Kwenye daftari bado ni mkazi!"
"Basi mwambie Grover anipe nafasi yake."
Tulicheka mpaka nyavu zikachanganyikana. Lakini usiku huu... hapana, nimefuta. Mwalimu anasema usianze sentensi usiyotaka kuimaliza.

Alhamisi, 21 Novemba
Nimerudi dirishani. Puri kasema nilete ombi kwa maandishi. Nikauliza niandike nini. "Andika kwamba hukuondoka." Nikaandika pale pale, kwa kalamu yake: MIMI SIKUONDOKA. Akasema haitoshi, lazima iwe na vielelezo.
Nje kuna ukungu. Wanaume wamesimama kwenye baa wakilaani ukungu kama mimi ninavyomlaani Puri.

Jumanne, 26 Novemba
Puri hayupo, kaenda kwa daktari wa meno. Rudi Alhamisi.

Alhamisi, 28 Novemba
Mtambo umezima. Rudi Jumatatu.

Jumatatu, 2 Desemba
Puri yupo, mtambo upo, muhuri umefungiwa kabatini na ufunguo anao katibu, na katibu anahudumia miji mitatu, huku kwetu anafika Alhamisi tu. Nikamwambia Puri, "Nyinyi ndio mmeondoka, si mimi."
Alipumua, akasema kwa sauti ndogo kwamba kila mwaka makao makuu wanawaandikia wasafishe daftari. Wageni wanaondoka bila kuaga: Waingereza wa bondeni wameuza nyumba, Waromania wamerudi, Wabolivia ndio hao. Na meya hataki idadi ishuke chini ya elfu moja. "Nusu ya ninaowaandika humu hawapo, mama. Nafuta, naambiwa niache. Naacha, naambiwa nifute."
"Na aliyepo mmoja tu, huyo ndiye umemfuta."
Nilitoka nikihisi nimeshinda, na sikushinda chochote.

Jumanne, 3 Desemba
Mwalimu Adela kanifokea darasani kwa upendo. "Umeuliza mara tano watakurudisha lini. Umeuliza nani alikuondoa?" Sikuuliza. Tumeandika ombi la nakala ya jalada langu. Mwandiko wangu, makosa manne, kayasahihisha mawili, mengine kasema yaachwe, yanaonyesha ni mimi.

Jumapili, 8 Desemba
Mvua siku tatu. Zeituni zinadondoka zenyewe kwenye matope. Mzee ana kikohozi.

Alhamisi, 12 Desemba
Leo nitaandika hata wino uishe.
Nakala imefika. Puri aliipitisha chini ya kioo cha dirisha bila kunitazama, nikajua kuna kitu. Sikuisoma pale. Niliikunja nikaitia kifuani, nikapanda mpaka shule, Mwalimu alikuwa anafuta ubao.
"Soma wewe mwenyewe," akasema. "Unaweza."
Nikasoma kwa kidole. Aliyetia saini hapa chini. Anaomba. Afutwe. Kwenye daftari la wakazi. Kwa sababu ya. Kuhamia nchi nyingine. Halafu pameandikwa kwa mwandiko mzuri wa ofisini: Bolivia. Halafu chini kabisa kuna saini.
Naijua saini ile. G imejikunja kama mkia wa nguruwe, na a ya mwisho imeanguka nje ya mstari. Hakuna mtu duniani anayeandika G hiyo ila mimi.
Nikakaa kwenye kiti cha watoto. Mwalimu akauliza, "Desemba hiyo ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa na mkono uliovunjika. Nilikuwa navuna kwa watu, nikateleza juu ya nyavu, kifundo cha kushoto kikalia kama kuni kavu. Daktari akanifunga plasta. Msimamizi akasema, "Mama, nenda ukaniletee baja."
Na hapo Mwalimu akafumba macho.
Neno lenyewe kwa Kihispania maana yake ni kushuka. Mtu akiumia kazini, daktari anamwandikia baja, ni ruhusa ya kupumzika. Hilo nililijua, Wilma alikuwa ameshaniambia: "Dada, kadai baja, usiwaogope." Lakini hatukujua inadaiwa wapi. Kwetu karatasi zote zinatoka kwa wenye muhuri. Nikaenda manispaa, mkono ukiwa umening'inia kwenye kitambaa, nikasema dirishani kama nilivyofundishwa: "Nimekuja kuchukua baja yangu." Na manispaa nao wana baja yao. Ni ya kukushusha kwenye daftari unapoondoka mjini.
Karani, ambaye sura yake sikuitazama, akauliza, "Nchi gani?" Nikadhani anauliza natoka wapi. Nikasema Bolivia. Akaandika. Akasukuma karatasi: "Saini hapa."
Sasa hili ndilo linalonikata maini. Nilikuwa na miezi miwili tu darasani. Karatasi zote za maisha yangu nilibonyezea kidole gumba: ya ndoa, ya kumzika mume wangu. Siku ile nikamwambia yule karani, "Usinipe wino, najua kuandika jina langu." Nikaandika taratibu, ulimi nje, watu wawili nyuma yangu wanasubiri. Nikatoka pale nimeinua kidevu. Nilimpigia Rosmery simu nikamwambia mama yako ameandika jina lake serikalini.
Msimamizi alipoiona ile karatasi aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma. Sikulipwa hata siku moja. Sikushangaa.
Mara ya kwanza kuliandika jina langu, nimejifukuza nalo.
Mwalimu alikaa kwenye kiti kingine cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, tukakaa hivyo.

Ijumaa, 13 Desemba
Jana sikuyaandika yote, na leo sina maneno.

Jumapili, 22 Desemba
Wilma amekuja kuota moto, miguu yetu chini ya meza karibu na jiko la mkaa. Nikamwonyesha nakala. Hasomi vizuri, ikabidi nimsomee. Alicheka kwanza, "Dada, umejiondoa kwa mkono wako!" kisha akaona uso wangu.
"Ni mimi niliyekwambia ukadai baja."
"Uliniambia nikadai. Hukuniambia niende kwa mganga wa wanyama kutibiwa jino. Hayo ni yangu."
Akalia kuliko mimi. Halafu akatoa la kwake: anarudi. Mwisho wa mavuno. Kuna mpango unaowasafirisha wanaotaka kurudi kwao, na sharti lake ni kutokurejea huku kwa miaka mitatu. Nimemwambia ni mpumbavu. Nimemwambia kule hana nyumba. Nimemwambia mengi, mengine kwa Kikechua, lugha ya kwetu, ili yaingie vizuri.
"Nimechoka kuwa mtu wa kusubiri, dada," akasema.
Nikamwongezea supu ya karanga.

Jumanne, 24 Desemba
Yhoselin kwenye simu. Aliniuliza, "Bibi, wewe unaishi ndani ya simu?"

Jumatano, 1 Januari 2014
Mwaka mpya. Bado nimeondoka.

Jumanne, 7 Januari
Kikohozi cha Mzee kimeshuka kifuani. Daktari kamwacha nyumbani na dawa, mimi namgeuza kila saa kama mkate. Julián, mwanawe wa Madrid, kapiga simu. Anataka kumhamishia kwenye nyumba ya wazee huko, mavuno yakiisha.
"Gumersinda, wewe mwenyewe huna karatasi. Kesho wakikuondoa, baba atabaki na nani?"
Nikamwambia kwenye karatasi nilishaondoka miaka miwili iliyopita, na babako anakula supu saa hii, sijui kapikiwa na nani. Hakuelewa. Lakini maneno yake yamenikaa. Mzee akienda Madrid, kazi niliyoahidiwa kuandikiwa inakwenda naye.

Jumanne, 14 Januari
Nilikuwa nimemficha Mzee habari hii. Aibu tu. Leo nimempa uji, akaushika mkono wangu wenye kijiko.
"Julián anasema umeniacha miaka miwili iliyopita."
Nikamweleza yote. Akasikiliza, akamaliza uji, akaomba suruali. Nikamwambia lala. Akaomba suruali mara ya pili. Alivaa koti juu ya fulana ya kulalia, akasahau viatu, akateremka mtaa mzima na ndara za sufu, mimi nyuma yake na mwavuli namwita mwendawazimu.
Akafika dirishani akagonga kioo kwa fimbo.
"Puri! Mjukuu wa Encarna! Huyu mwanamke yuko wapi?"
"Don Eladio, yuko nyuma yako."
"Siulizi nyuma yangu. Nauliza humo ndani ya mashine yako."
"Humu… yuko Bolivia."
"Basi aliyemfumba macho Remedios wangu ni nani? Aliyenigeuza kitandani wiki nzima, mzimu? Niandikie hapo nimehudumiwa na mzimu, niupeleke Madrid kwa mwanangu!"
Watu walijaa. Mwoka mikate aliacha duka. Meya alichungulia mlangoni kwake akaona fimbo, akarudi ndani. Puri alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama si kompyuta bali mkono wangu wa kushoto, pale kifundo kilipopindika. Aliutazama muda mrefu.
Tulirudi polepole. Mzee alipofika mlangoni akasema, "Ndara zimelowa," kana kwamba ni kosa langu.

Alhamisi, 16 Januari
Mwalimu Adela kaleta madaftari ya mahudhurio, matatu, tangu Oktoba ya 2011. Kila jina lina mstari, kila siku ina kisanduku. Nukta maana yake yupo, F maana yake hayupo. Tumehesabu wawili: nukta mia moja na themanini na sita. F nne tu. Siku ile ile ya Desemba niliyohama nchi ilikuwa Jumatano. Kesho yake, Alhamisi, nina nukta. Nilikuja na plasta, nikaandika kwa mkono mmoja, daftari likiteleza, Mwalimu akiliwekea jiwe. Anakumbuka.
Tumepata pia cheti cha daktari aliyenifungua plasta mwisho wa Januari ile. Tumepeleka vyote.
Sijawahi kuona mtu akithibitishwa kwa nukta. Nilizitazama mpaka zikacheza.

Jumanne, 21 Januari
Hakuna jibu. Upepo. Miti kumi bado.

Alhamisi, 23 Januari
Mlango ukagongwa saa nane mchana, mvua inapiga. Ni Puri, amelowa, mwavuli umegeuka nje ndani.
Nilisimama mlangoni sikumpisha. "Karibu usikaribie," nikamwambia.
"Mama Gumersinda, nilikuwa mimi."
"Wewe nini?"
"Siku ile. Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Nakukumbuka na plasta, ulikataa wino. Ulisema unajua kuandika jina lako, na mimi nikafurahi, nikafikiri, tazama, mama huyu anarudi kwao ameshajua kuandika. Uliomba baja, nikakupa baja. Sikuuliza."
"Tangu lini unajua?"
"Tangu nilipokutolea nakala. Mwandiko ulioandika Bolivia ni wangu."
Tangu Desemba! Wiki sita ananipeleka njoo kesho njoo kesho! Nilimwambia yote. Nilimwambia ana roho ya karatasi. Nilimwambia mjukuu wangu anadhani ninaishi ndani ya simu. Mvua inamchuruzika puani na hajifuti. Akasema mkataba wake unaisha Machi, mume hana kazi tangu ujenzi usimame, na meya anayesaini mkataba wake ndiye angesoma kwamba kosa ni lake.
Nilitaka kumfungia mlango. Nia ninayo, mkono ninao. Lakini alikuwa anatetemeka kama kondoo aliyenyolewa vibaya, na mimi kondoo sijawahi kumwacha nje.
"Ingia. Vua viatu. Usidhani nimekusamehe."
Alikula supu ya karanga mabakuli mawili. Mzee akamuuliza kama bado niko Bolivia. Akasema, "Kesho naandika taarifa, Don Eladio. Kwamba mama aliomba kitu kingine na mimi nikampa fomu isiyo yake."
"Na Machi?" nikauliza.
"Machi tutaona."
Nilimpa mwavuli wangu. Ule wa kwake haukuwa tena mwavuli.

Alhamisi, 30 Januari
Katibu hakuja. Barabara imefungwa na theluji. Hata mbingu ina mkataba na ofisi ile.

Jumatatu, 3 Februari
Leo ndiyo miaka mitatu. Nimepika, nimefua, nimemkata Mzee kucha. Hakuna aliyekuja. Wilma kapita na keki, nikamwambia keki ya nini. Tumeila.

Alhamisi, 6 Februari
Katibu amesoma taarifa ya Puri. Anataka meya aisome. Julián kapiga simu tena. Mzee kachukua simu, kasema, "Mimi Madrid siendi. Njoo wewe uvune," akakata.

Alhamisi, 13 Februari
Meya ameisoma. Anataka katibu aisome tena. Nimeshindwa hata kukasirika vizuri.

Jumanne, 18 Februari
Mti wa mwisho. Nyavu zimekunjwa.

Alhamisi, 20 Februari
Puri aliniita kutoka dirishani nikiwa kwa mwoka mikate, kapiga kelele mtaa mzima, "Mama Gumersinda! Njoo!" Nikaacha mkate.
Alinipa cheti, akanisubiri nisome. Nikasoma kwa kidole. Colque, Gumersinda. Mtaa wa Chemchemi, namba tisa. Ameandikwa tangu tarehe 3 Februari 2011, bila kukatika. Baja ile imebatilishwa, imewekwa kama haikuwahi kuwapo.
Nilisoma mara tatu. Foleni nyuma yangu ikasubiri, na aliyekohoa nilimgeukia.
Miadi ya kuomba kibali, kule kwenye mji mkuu wa mkoa, ni Mei. Wakili anasema huenda wakajibu kabla ya mwaka kuisha. Huenda! Miezi mitatu nimepigana ili niruhusiwe kuanza kusubiri.
Puri kasema meya hamsalimii tena.
Nyumbani Mzee akauliza, "Kwa hiyo sasa upo?"
"Nipo."
"Basi dengu ziko wapi?"

Alhamisi, 27 Februari
Basi la Wilma lilikuwa saa sita. Saa nne akanijia, begi moja na boksi lililofungwa kamba. "Dada, nisindikize manispaa. Wa mpango wa safari wanataka karatasi kwamba nimefutwa kwenye daftari."
Tukaenda. Dirisha lile lile. Wilma akasema, "Nimekuja kuchukua baja yangu," na mimi na Puri tukatazamana kupitia kioo.
Puri akaichukua fomu. Naijua kama ninavyojua sufuria yangu. Lakini hakuisukuma. Akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, akaja upande wetu, sijawahi kumwona upande huu wa kioo saa za kazi.
"Wilma, hii ni ya kuondoka nchini. Siyo ya daktari, siyo ya kitu kingine chochote. Ndiyo unayoitaka?"
"Ndiyo."
"Mama Gumersinda, msomee."
Nikamsomea, neno kwa neno, kidole changu kikitangulia na macho yake yakifuata. Aliyetia saini hapa chini. Anaomba. Afutwe. Nilipofika hapo nikasimama, nikakohoa kama Mzee. Wilma akasema, "Endelea, dada." Kwa sababu ya. Kuhamia nchi nyingine.
"Umeelewa?" nikamuuliza.
"Nimeelewa."
"Una uhakika? Maana ukisaini tu, hawa watakuamini."
Akacheka huku machozi yanadondoka juu ya karatasi, Puri akayapangusa kwa mkono wa sweta. Wilma akaandika jina lake taratibu, ulimi nje. W yake nzuri kuliko G yangu.
Kituoni nikampa fulana ya sufu niliyomfumia Yhoselin, ampelekee. Sijui kimo chake, nimefuma kubwa, akue ndani yake. Nikamwambia Wilma, "Mwambie bibi haishi ndani ya simu. Mwambie anapanga foleni." Basi likaondoka. Nilisimama mpaka dereva wa basi la pili akaniuliza ninasafiri. Nikamwambia bado.
Jioni darasani tulikuwa watano. Mwalimu akaita majina kwa mazoea, akafika, "Wilma Terrazas," kalamu ikabaki juu ya kisanduku. Hakuweka nukta, hakuweka F. Akanitazama.
"Ameondoka," nikasema. "Huyu ameondoka kweli. Nilimsomea."
Mwalimu akapiga mstari kwa rula, mwepesi, jina bado linasomeka.
"Gumersinda Colque."
Niliitikia kwa sauti mpaka mbwa wa mwoka mikate akabweka.